Mwalimu Teresa Muhonja Shitanda, Aliyewaruhusu Watoto Kugusa

Wachungaji, walimu wenzangu, majirani wa Malava, na ninyi wanafunzi mlioketi kwenye nyasi pale mbele, naitwa Phineas Kegode, mwalimu mkuu mstaafu, na mimi ndiye kaka mkubwa wa marehemu. Familia imenipa kazi ya kusoma habari za maisha yake, nami nimeziandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa hivyo sauti ikikatika mahali, mnivumilie.

Marehemu Mwalimu Teresa Muhonja Shitanda alizaliwa tarehe 9 Mei 1966 huko Mautuma, Lugari, akiwa mtoto wa nne kati ya watoto saba wa marehemu Mzee Elam Kegode na marehemu Mama Rasoa, ambao walikuwa wamehamia huko kutoka Maragoli miaka miwili kabla yake, na mama alikuwa akituambia kwamba Teresa alizaliwa wiki ya kupalilia mahindi, na kwamba siku ya nane yeye mama alirudi shambani na mtoto mgongoni.

Alianza darasa la kwanza mwaka wa 1973, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka wa 1979, kisha akasoma sekondari kuanzia 1980 hadi 1983, ambako alama zake za historia zilikuwa za kawaida tu, jambo ambalo hakuona haya kuwaambia wanafunzi wake, kwa sababu alisema alikaririshwa tarehe na hakuna aliyemweleza watu wa tarehe hizo walikula nini. Mwaka wa 1985 alijiunga na chuo cha ualimu, akahitimu mwishoni mwa 1986, na Januari 1987 akatumwa kufundisha katika shule ya msingi hapa karibu na Malava, akafundisha kwa miaka ishirini na mitatu.

Ni hapa Malava alipokutana na Bramwel Shitanda, ambaye wakati huo alikuwa dereva wa trekta la kubeba miwa, wakafunga ndoa kanisani Jumamosi tarehe 16 Desemba 1989, na Mungu akawajalia watoto watatu, Mike, Quinter na Tracy, na baadaye wajukuu wanne.

Januari 2010 Teresa aliacha kazi ya serikali, akaenda kufanya kazi katika makumbusho madogo ya jamii mjini Kakamega. Hapa naomba nisome polepole, kwa sababu jambo hili linanihusu. Nilikuja kwake nikamwambia mbele ya mume wake na watoto kwamba ameitupa kazi ya maana ili akapanguse vumbi kwenye vyungu vya watu waliokufa. Alinikaribisha chakula, nikakataa kula, na Krismasi mbili zikapita bila mimi kukanyaga boma hili.

Kazi aliyokuwa akiifanya huko sikuijua. Alikuta shule zikija, watoto wakipangwa mstari, wakipitishwa mbele ya vioo vilivyoandikwa “Usiguse”, kisha wakinunuliwa mkate na kurudishwa nyumbani. Yeye akaanzisha warsha, watoto wakasaga wimbi kwa jiwe mpaka mikono ikawauma, wakasokota kamba ya katani, wakakanda matope ya kukandika ukuta, na kila mmoja akavishwa shingoni kikopo cha bati chenye karatasi ya jina lake, kama kile kipande ambacho babu zetu walilazimishwa kuvaa wakati wa mkoloni, na hakuna aliyeruhusiwa kupita mlangoni bila kukifungua na kukionyesha. Waliingia wakicheka, na wengi walitoka wakiuliza babu zao walikivaa miaka mingapi.

Tarehe 14 Juni 2012 walimu wa shule yangu waliniomba tupeleke darasa la nne makumbusho, nami nikaenda nao, nikiwa nimejiandaa kukosoa. Siku hiyo Teresa alikuwa ametoa mtungi wa zamani wa kuwekea maji, ulioazimwa kutoka kwa familia ya Mama Rosa Andati wa Khwisero, ili watoto waubebe wajue uzito wake, na msichana mmoja wa shule yangu akauangusha, ukavunjika vipande vipande. Nilimfuata yule mtoto nikiwa nimeinua mkono, na dada yangu akasimama katikati yetu.

“Mwalimu, hapa mimi ndiye mwenyeji,” aliniambia. “Ameushika kwa sababu mimi nilimpa aushike.”

Kisha akapiga magoti, akawaambia watoto wakusanye vipande bila kuacha hata kimoja, wakavitandaza kwenye gunia, akawaonyesha masizi upande mmoja, akawauliza mtungi wa maji ulipataje masizi, na darasa langu, ambalo nilikuwa nikilituliza kwa fimbo, likakaa saa nzima likibishana kama wazee wa baraza, mpaka wakakubaliana kwamba kuna mtu aliwahi kuupikia. Mimi nilisimama mlangoni, mkono ambao ningempigia mtoto nikiwa nimeutia mfukoni.

Kamati ya makumbusho ilisimamisha warsha zote na kumtaka aandike jina la aliyevunja. Aliandika barua, na jina aliloweka ni lake, na hata mimi leo sitalitaja lile lingine. Kisha akaenda Khwisero kumwona Mama Andati, ambaye mtungi ule aliachiwa na mama mkwe wake, na mama huyo alikasirika, akamwacha amesimama nje ya lango. Alirudi mara ya pili, akaachwa vilevile. Mara ya tatu nilimsindikiza mimi, na Mama Andati akauliza swali moja.

“Huyo mtoto, mlimchapa?”

“Hatukumchapa, mama,” Teresa akamjibu.

“Basi ingieni. Mtoto huchapwa sababu ya chungu, na chungu chenyewe sisi tulikuwanga tunavunja kila siku?”

Alipoulizwa habari ya masizi akacheka, akasema mama mkwe wake aliutumia kuchemshia viazi mwaka sufuria ilipotoboka. Septemba mwaka huo Mama Andati mwenyewe alikuja mbele ya kamati, akasema yuko tayari kuwafundisha watoto kufinyanga, na warsha zikafunguliwa tena, wakafanya kazi pamoja wawili hao kwa miaka tisa, mpaka mama huyo alipotangulia mbele za haki mwaka wa 2021.

Novemba 2023 Teresa alipatikana na ugonjwa wa figo, akawa anakwenda kusafishwa damu Jumatatu na Ijumaa, na shule akazipangia siku za katikati. Warsha yake ya mwisho aliifanya Alhamisi tarehe 6 Machi 2025, akiwa ameketi kwenye kiti, Tracy akimshikia jiwe la kusagia. Mwezi wa Mei hali ikawa mbaya, akalazwa, na Jumamosi tarehe 17 nikakaa naye, nikamwambia kwamba kwa miaka yote sijawahi kumwomba msamaha kwa maneno niliyosema mwaka ule.

“Kaka, uliomba,” alinijibu. “Mwaka uliofuata ule wa mtungi, ulirudi na darasa lingine.”

Alifariki kesho yake, Jumapili tarehe 18 Mei 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na tisa na siku tisa, Bramwel na watoto wote wakiwa kando ya kitanda.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa mwaka mmoja na nusu, majirani mliokuja na kuni, maji na ndizi bila kuitwa, waumini wenzake, wafanyakazi wa makumbusho ambao wameahidi kwamba shule zilizokuwa zimepangiwa muhula huu zitapokelewa, na ninyi watoto, ambao tumewaruhusu kusogea karibu na jeneza, na yeyote atakayetaka kuweka mkono juu yake, asizuiwe.

Teresa, dada yangu, umefanya kazi ya maana. Bwana akupe amani yake, nawe upumzike.