Osmar Quiroga na Bati la Biskuti Lililompa Pensheni

Jumapili hii, tarehe 30 Juni 2019, bawabu wetu Osmar Quiroga anastaafu baada ya kusimama mlangoni miaka thelathini na mitatu. Nasema kusimama kwa sababu kiti tulimnunulia mara mbili, na mara zote mbili akampa mteja aliyevaa viatu virefu.

Alianza mwaka 1986 kule Gardenia, baa ya kushuka ngazi kumi na saba, pale ambapo leo wanauza vifaa vya bafu. Sisi vijana wa La Jirafa, baa yetu hii, tumezoea kuingia baa kwa mlango wa mbele tukipiga kelele. Enzi za Gardenia wanaume walikuwa wanacheza na wanaume, wanawake na wanawake, na juu ya kaunta kulikuwa na taa moja nyekundu. Osmar alikuwa na swichi yake mlangoni, usawa wa goti. Akiona gari la polisi, goti linabonyeza, taa inawaka, na kabla askari hajafika ngazi ya tano kila mwanaume ameshamkumbatia mwanamke. Kila mtu alikuwa na mwenzi wake wa taa, amepangiwa kabisa.

Mke wa taa wa Osmar alikuwa Delmira Paz, fundi cherehani, anayependa wanawake kama Osmar anavyopenda wanaume. Walikuwa wamekariri ndoa nzima, tarehe na majina ya wakwe, ila hawakuelewana kuhusu fungate. Siku moja askari akawauliza kila mmoja pembeni. Osmar akasema walikwenda Mar del Plata, ufukweni. Delmira akasema Córdoba, milimani. Wote wawili wakalala ndani.

Mpaka leo Delmira hajajuta. "Mar del Plata kuna upepo," anasema. "Mie siwezi kuolewa halafu nipelekwe kwenye upepo."

Kukamatwa kulikuwa kwingi, na hapo ndipo Osmar alipokuwa anawaudhi wenzake. Asubuhi mkitolewa, unapewa karatasi ndogo yenye tarehe na muhuri, inayoorodhesha mkanda wako, kamba za viatu, funguo, jina na kazi. Askari alikuwa anamwandikia kila mtu "hana kazi" ili amalize haraka. Osmar akawa hakubali.

"Bawabu, afande. Baa ya Gardenia. Andika vizuri, ninayo kazi."

Foleni nzima nyuma yake inanung'unika, wameshika suruali kwa mkono kwa kuwa mikanda bado iko mezani. "We Osmar, mwache akuandike hata askofu, tunataka kwenda nyumbani." Haondoki. Anasubiri iandikwe, anaikunja mara nne, anakwenda kuitia kwenye bati la biskuti. Delmira alidhani ni kichaa, na alimwambia hivyo kwa miaka minane.

Sasa sikilizeni. Mwezi Machi mzee wetu alikwenda ofisi ya pensheni. Sheria inataka miaka thelathini ya kazi yenye ushahidi. La Jirafa imemwandikisha tangu tulipofungua, 1998, hiyo ni ishirini na moja. Baa za zamani hazikuandikisha hata paka. Bila miaka mingine tisa, Osmar angebaki mlangoni hapa na magoti yale mabovu mpaka yamtupe. Delmira akamsindikiza, na bati kwapani.

Karani, binti wa miwani, akafungua. "Mzee, hizi si ni karatasi za mahabusu?"

"Soma mstari wa kazi, binti yangu."

Akasoma. Bawabu, Gardenia, 1986. Bawabu, Gardenia, 1987. Mwaka 1991 peke yake zilikuwa saba. Binti akaita mkuu wake, mkuu akasoma akicheka mpaka akakaa chini, kisha akasema muhuri ni muhuri. Miaka minane ikakubaliwa! Polisi waliokuwa wakimfukuza kazini ndio waliothibitisha kwamba alikuwa kazini.

Jumla ishirini na tisa. Umepungua mmoja.

"Na kuanzia 1994 mpaka 1998?" karani akauliza. "Hapa hukukamatwa hata mara moja."

"Nilikuwa baa ya Puerta Verde. Hawakuja. Ningefanyaje, niwaite?"

"Ndiyo maana nilikuwa nakwambia uwe mkorofi kidogo, mume wangu," akasema Delmira.

Karani akasema basi alete shahidi mmoja, mwenye jina na kitambulisho. Hapo ndipo Osmar aliponywea, maana pale Puerta Verde hakuna aliyetumia jina lake. Anamkumbuka Malkia wa Reli, anamkumbuka Bibi Harusi wa Jumanne, anamkumbuka Shangazi wa Lanús, anakumbuka nani alipenda kukaa wapi. Jina la kwenye kitambulisho, hata moja hana. Wiki tatu alikuwa anafungua mlango hapa bila kutania mtu, mpaka wateja wakauliza kama kuna msiba.

Delmira akapeleka tangazo redio ya mtaani: Shangazi wa Lanús, kama yu hai, anaombwa afike ofisi ya pensheni Alhamisi saa nne, kwa ajili ya Osmar.

Akaja. Mzee wa miaka themanini na moja, mkongojo, tai imenyooka. Akaweka kitambulisho mezani: Belisario Luzuriaga, mkuu wa kituo cha polisi mstaafu. Ndipo Osmar akaelewa. Miaka minne Puerta Verde haikuvamiwa kwa sababu aliyetakiwa kusaini amri ya uvamizi alikuwa humo humo, mteja.

"Uliingia pale kikazi, afande? Ukaguzi?" karani akauliza, kalamu mkononi.

Mzee alikuwa na wajukuu, na jina lake lingebaki kwenye faili. Angeweza kusema ndiyo, na karani angeandika.

"Hapana, binti yangu. Kila Ijumaa huyu alinifungulia mlango, nikaingia kucheza dansi. Nilikuwa nacheza vizuri."

"Vizuri hapana," akasema Osmar, machozi yanamtoka.

"Na hilo niandike?" karani akauliza.

"Liandike," akasema Shangazi.

Osmar, asante kwa milango yote. Nenda kapumzishe magoti, na Mungu akupe asubuhi ndefu zisizo na foleni. Ila kabla ya kuondoka, Jumapili saa kumi jioni utaingia ndani kama mteja, na mlango atakufungulia Belisario, ameomba mwenyewe. Juu ya kaunta tumefunga taa nyekundu. Ikiwaka, safari hii hakuna kubadilishana: kila mtu amshike aliye naye, asimwachie.