Jeneza la Kwanza Kuonyeshwa: Maisha ya Mama Faida Chibalonza

Wachungaji, majirani wa Mount Druitt, waheshimiwa mliotoka bungeni na ninyi nyote mliotushika mkono wiki hii: mimi ni Clarisse, mdogo wake marehemu wa kufuatana. Aliniagiza nisisome huku nalia, maana hamtasikia kitu. Nitajitahidi.

Faida Chibalonza alizaliwa tarehe 14 Machi 1974 huko Kabare, karibu na Bukavu, mtoto wa pili katika familia ya watoto watano. Mama yetu alisema huyu alianza kubishana kabla ya kuota meno. Jikoni alikuwa hafai kabisa. Alikuwa akisonga bugali huku anasoma, na madonge yake tuliyala Kabare, tukayala Nairobi, na hapa Sydney tumeyala pia.

Alisoma shule ya msingi Kabare, kisha lise, yaani sekondari, ya wasichana mjini Bukavu, akamaliza mwaka 1993 katika masomo ya biashara. Vita vya mwaka 1996 vilitutoa nyumbani, tukafika Nairobi tukiwa na nguo tulizovaa. Huko alifundisha watoto Kifaransa, naye akajifunza Kiswahili cha mjini. Ndiyo maana Wakenya wa hapa Sydney walicheka kila alipowaambia mambo ni poa.

Nairobi ndiko alikompata Gratien Cirhuza, mwimbaji wa besi katika kwaya ya kanisa letu. Walifunga ndoa tarehe 8 Julai 2000. Shemeji amekuwa akituambia kwamba yeye ndiye aliyeposa. Tuliokuwepo tunajua nani alimwambia nani aje kwetu na wazee. Mungu aliwajalia watoto wawili, Patient na Vanessa, na mwaka 2004 wote wanne walihamia Australia.

Hapa alianza kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, huku akisomea uhasibu. Baadaye aliajiriwa katika kituo cha jamii hapa Mount Druitt, akiwasaidia watu walioshindwa na bili za umeme au waliouziwa magari mabovu. Hapo ndipo, mwaka 2017, alipoingia Mama Wanjugu wa Toongabbie, muuguzi, aliyekuwa amemzika mumewe.

Mnajua desturi yetu, Wakongomani na Wakenya sote. Mtu hatamki neno bei mbele ya mfiwa, ataonekana anamdharau marehemu. Muuzaji mmoja wa majeneza alikuwa ameijua desturi hiyo vizuri kuliko sisi. Alimwonyesha Mama Wanjugu majeneza ya mbao nzito yenye vishikio vya shaba, akamwambia, "Najua watu wenu mnawaheshimu wafu wenu." Wazee waliomsindikiza walitazama sakafu. Mama akatia sahihi, na mwaka mzima uliofuata mshahara wake ulikuwa wa jeneza. Faida alipolisikia alipandwa na hasira hata akasahau kumpa pole. Alimfuata mpaka kituo cha treni ili ampe.

Mwaka 2019 alichaguliwa kuingia Bunge la New South Wales, na watu wetu wakaanza kumwita Mama Depite, yaani Mama Mbunge. Mwaka 2021 alipitisha sheria aliyoihangaikia tangu siku ile: kila kampuni ya mazishi imwonyeshe mfiwa jeneza la bei ya chini kabla ya mengine yote, ijibu ukweli kwa kila atakachouliza, na pasiwe na sahihi mpaka siku mbili zipite. Wengine bungeni waliona ni jambo dogo. Yeye aliwaambia ni dogo kwa mtu ambaye hajafiwa.

Mwaka uliofuata bajeti ilipata pengo, na katika kamati aliyokaa likaletwa pendekezo la kuwaondoa wakaguzi wanaowalinda wateja. Faida alikataa. Alisema sheria isiyo na wa kuisimamia ni karatasi tu. Wakamwambia, haya, basi tafuta kitu kingine cha kukata. Akakata bwawa la kuogelea ambalo sisi wenyewe wa eneo lake tulikuwa tumeahidiwa.

Tulikasirika. Wengine wenu mlimnunia hadi kanisani, nawajua na mimi nilikuwa mmoja wenu. Na hata leo nasema angetuambia kwanza, tusingesikia redioni. Lakini ndivyo alivyokuwa, anaamua halafu anaeleza. Mwaka 2023 alirudi bungeni kwa tofauti ya kura chache. Wakaguzi walibaki kazini.

Februari mwaka huu, 2025, madaktari waligundua saratani ya kongosho. Aliendelea kuhudhuria kamati mpaka miguu ilipokataa. Vanessa alimjibu kwa Kiingereza kila alipouliza hali ya bajeti, na yeye alimsahihisha kwa Kiswahili, mpaka wote wawili wakacheka. Alifariki Jumamosi tarehe 9 Agosti, alasiri, Gratien akiwa amemshika mkono.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo tangu asubuhi mnanong'onezana. Ndiyo, nimewasikia.

Jumatatu tulikwenda kwa watu wa mazishi, mimi na shemeji. Aliyetupokea ni Bwana Niyonsaba, Mrundi, mtu mpole. Akatupeleka moja kwa moja kwenye jeneza la mbao nyepesi, lisilo na rangi, vishikio vyake vya kamba. Shemeji hakulitazama.

"Nipe lile la pale," akasema, akionyesha kubwa linalong'aa. "Mke wangu alikuwa depite."

"Papa, najua alikuwa nani," Niyonsaba akamjibu. "Ni yeye aliyesema nikuonyeshe hili kwanza."

Shemeji akataka kutia sahihi hapo hapo kwa lile kubwa. Niyonsaba akamwambia pole, mpaka Jumatano. Tukarudi nyumbani bila jeneza.

Kwenye matanga kukawa na maneno. Baba mdogo Térence alipiga simu kutoka Bukavu akauliza kama tunataka kumzika mbunge ndani ya kabati. Wazee walisema jamii yote itaaibika. Na mimi niliona aibu kama wao. Jumanne akaja Mama Wanjugu na sufuria ya githeri. Alipoyasikia hayo alikaa karibu na shemeji.

"Baba Patient," akasema, "mimi nilinunua lile linalong'aa. Watu walilitazama mpaka lilipofunikwa na udongo. Nani alinitazama baadaye? Faida peke yake."

Shemeji alilia, kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi. Jumatano tulirudi, akamwambia Niyonsaba, "Lile la kwanza." Baba mdogo Térence bado amenuna, na tunamwombea.

Marehemu ameacha mumewe, Gratien Cirhuza. Watoto wake, Patient na Vanessa. Mjukuu wake, Olivier. Baba yetu mdogo Térence. Sisi ndugu zake wanne. Na Mama Wanjugu, ambaye kuanzia leo ni wa nyumba yetu.

Basi hili mnaloliona mbele yenu ndilo la kwanza. Kitenge juu yake ni cha mama yetu. Ninyi mtakaolibeba, msiziogope kamba hizo. Tuliuliza kama zitamhimili, na kwa sheria yake ilibidi tujibiwe ukweli. Zitamhimili.

Lala kwa amani, dada. Siku zako mbili tulizingoja.