Mbwa Ndani ya Koti la Baba

Jumapili moja ya mwaka 1958, baada ya misa, kijiwe cha kambi yetu ya wafanyakazi wa mgodi, hapa Kolwezi, kiligeuka mahakama. Kijiwe chenyewe ni mbao mbili nene za reli zilizolazwa juu ya matofali mbele ya nyumba yetu. Kahawa anapika mama, mimi Adolphine namimina, wanaume wanatoa hukumu. Siku hiyo mshtakiwa alikuwa amelala ndani ya koti la baba yangu, Tata Badibanga: mtoto wa mbwa wa majuma saba, wa ile aina kubwa ya polisi, masikio bado yameinama, miguu minene kama vikombe vyetu. Mwenye mbwa, mhandisi wa kizungu, alikuwa anarudi Ulaya kwa treni ya jioni. Alimwambia baba: mlee, au nirudishie kabla sijapanda. Mama na mimi tulishaamua abaki. Baba akiwa zamu ya usiku tunalala peke yetu, na mwezi uliopita wezi walipita dirishani wakabeba cherehani ya mama. Lakini nani ametuuliza? Baba alimleta mbwa kijiweni, aulize wenye akili.

Wenye akili walikuwa wawili. Mukalay, anayefagia hospitali, tunamwita Dokta. Ngeleka, karani na jirani yetu, tunamwita Telegramu kwa sababu habari humfikia kabla haijatokea. Mwaka huo alikuwa anaomba ile karte ya watu waliostaarabika, ambayo wazungu hukupa wakishakagua nyumba yako na kuhakikisha unakula kwa uma.

— Tata Badibanga, rudisha ile kitu, alianza Dokta. Aina ile inazaliwaka na chuki ya ngozi nyeusi. Iko mu damu. Mi mwenyewe nilionaka damu yake hospitali.

— Hospitali ya batu, Dokta? akauliza baba.

— Damu ni damu, Tata.

— Haiko mu damu, akasema Telegramu. Iko mu luga. Mbwa ya polisi inasikiaka Kiflama tu, luga ya bazungu ba Ubelgiji. Ukiiambia "kaa" mu Swahili, inafikiri unaitukana.

— Sasa mi nitatoa wapi Kiflama?

— Njo maana nasema, mbwa ile inafaa mutu wa masomo.

— Kama wewe.

— Mi sikutaja jina ya mutu.

Mbwa akapiga mwayo. Dokta akasogea mpaka ncha ya mbao.

— Munaona meno? Baada ya mwaka moja itakula mguu muzima wa ng'ombe kila siku. Posho ya juma yote, unga, samaki, mafuta, inaisha Jumatatu. Jumanne inaanza kuangalia batoto.

— Mguu moja ni kidogo, akasema Telegramu. Kule Jadotville kulikuwa moja, ilifika kimo ya punda. Bwana yake alipandaka juu yake kwenda kazi. Kampani ikamunyima baiskeli, ikasema huyu iko na usafiri.

— Nani aliona? nikauliza.

— Adolphine, ongeza sukari.

Nikaongeza. Shuleni kwa masista tulifundishwa kujadiliana: anayedai ndiye anayethibitisha. Kijiweni, anayeomba uthibitisho ndiye anayetumwa sukari.

— Tena, akaendelea Telegramu, ikikomaa itatoroka. Itafuata reli, Mutshatsha, Dilolo, mpaka bahari, ipande mashua, ifike kwa bwana yake imupe ripoti. Nani anapikaka lutuku, nani anaikunywaka, nani anasema nini juu ya uhuru.

— Ripoti mu luga gani? akauliza baba.

— Kiflama. Nilishasema.

Dokta akaweka kikombe chini. Lutuku ni pombe iliyokatazwa, na kambi nzima inajua nani huifuata kila mwisho wa juma.

— Tata Badibanga, akasema kwa sauti ya chini, ile treni ni saa ngapi?

Baba akatazama upande wa stesheni. Akafunga kifungo cha koti, kile cha juu, namna anavyofunga akijiandaa kuondoka. Nilikuwa na hoja tano, na birika mkononi.

Hapo ndipo alipofika Mama Tshiela, muuza makaa, ametoka Mutshatsha kwa treni ya asubuhi. Akatua gunia, akaomba kahawa, akachungulia ndani ya koti.

— Iko na majuma ngapi?

— Saba, akasema baba.

— Itakomalia hapa kambini?

— Kama hairudi.

— Na hapa kambini, bazungu banaishi ngapi?

— Hakuna. Ni shefu wa kambi tu anapitaka Jumamosi, kukagua.

Mama Tshiela akapuliza kahawa.

— Kwetu mbwa inabwekeaka mutu ile haizoee. Hii itakula bukari yenu ya unga, italala kwenu, itazoea sura zenu. Sasa itakuwa inabwekea nani?

Dokta akarudi katikati ya mbao. Akamtazama Telegramu.

— Ile kamati ya karte, baba akamwuliza Telegramu polepole, inakuja kwako siku gani?

— Juma lijalo, Tata. Bazungu batatu. Na njia yao inakatia mu lupango lwako, hapa uani.

Baba akageuka kutazama mlango wetu wa jikoni. Kila Jumamosi shefu huingia jikoni kwetu moja kwa moja, hufunua chungu cha mama, hunusa, huondoka. Miaka kumi na miwili baba amesimama pembeni, kofia mkononi.

— Tata, bale ni bakubwa, akasema Telegramu. Bataingia namna gani?

— Batapiga hodi.

Akafungua koti, akanipakatisha mbwa mikononi, akaenda stesheni kumtakia mhandisi safari njema.