Bi Mwantumu Bwanaheri na Jina la Ukutani

Ndugu mliofika kumzika Bi Mwantumu binti Bwanaheri, assalamu alaykum. Maisha yake yanasomwa kwenu na mwanawe mkubwa, Fikirini, na kwa kuwa mengine yanamhusu msomaji mwenyewe, mnaombwa mvumilie.

Marehemu alizaliwa Mohoro mwaka 1933, akasoma chuoni hadi akahitimu Kurani, shule ya serikali hakuiona, na kazi yake ilikuwa jembe la mpunga na kusuka mikeka ya ukindu, hata miaka hii ya soko huria, mikeka ya plastiki ilipojaa madukani Kibiti, yeye alisuka tu, akisema ile ya madukani haifai hata kuanikia mpunga. Tarehe 9 Juni 1952 aliolewa na marehemu Kibwana Huseni, wakajaaliwa watoto wawili, Fikirini mwaka 1955 na Nassibu mwaka 1957.

Nassibu aliachia shule darasa la nne, mwaka 1969, familia ilipohamishwa kutoka bondeni, na mwaka 1977 alipotaka kuingia jeshini akatakiwa cheti cha darasa la saba, kaka yake akamwazima chake, wakakubaliana mama asijue habari ya cheti, akaandikishwa kwa jina la Fikirini. Machi 1979 ikaja barua kutoka vitani kwamba Fikirini Kibwana ameuawa, na aliyeifungua ni Fikirini mwenyewe, mzima, matope ya shamba yangali miguuni. Nyumba nzima ilicheka, ikasema wamekosea mtu. Fikirini peke yake alijua, akaogopa kufungwa, akacheka nao.

Vita viliisha, Nassibu hakurudi, na kwa miaka kumi na saba mama alikataa asomewe hitima, akisema mtu aliye hai hasomewi, kila Idi akamshonea Nassibu kanzu, na Fikirini alizitazama kanzu zile zikipangwa sandukuni.

Tarehe 25 Julai 1996, Siku ya Mashujaa, wazee wa huku walipelekwa Dar es Salaam kutembelea mnara wa kumbukumbu ya vita na makumbusho ya jeshi, marehemu akaomba nafasi ili akaulizie mwanawe, akaenda na mjukuu wake Rukaiya. Mle ndani, kati ya mizinga na bunduki, aliona picha ya askari saba, akamtambua Nassibu kwa kovu la nyusi, akataka asomewe jina, Rukaiya akasoma Fikirini Kibwana, na nje, kwenye ukuta wa mnara, jina lilikuwa hilo hilo. Rukaiya anasema bibi hakulia, alilifunika jina kwa kiganja muda mrefu, kisha akauliza kama laweza kubadilishwa, askari wa zamu akamjibu kwa heshima kwamba itabidi mwenye cheti ajieleze, bibi akasema basi, liacheni.

Aliporudi hakumgombeza mwanawe, alimwambia tu amtafutie ndugu yake mbuzi, hitima ikasomwa, lakini Fikirini hata siku ile hakuthubutu kusema mbele ya watu, na mama aliumia, ilionekana.

Mei 1998 alianza kuugua moyo, akalazwa mara mbili, akafariki nyumbani Jumanne tarehe 20 Oktoba 1998, akiwa ameacha ombi moja tu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopokezana kumhudumia, na wasukaji wenzake walioumaliza mkeka wake wa mwisho, ndio tuliomlazia.

Ombi lake lilikuwa niyaseme mbele ya watu haya mliyoyasikia. Jina la ukutani ni langu, aliyekufa vitani ni Nassibu Kibwana, na anayewaomba radhi ni mimi. Pumzika, mama, nimeshasema.