Ndara za Mama Kahawa

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao mbele ya kibanda cha Fundi, mshona viatu, pamoja na birika la kahawa. Birika ni la mkewe, Mama Kahawa, aliyetumiminia miaka kumi na tisa mpaka alipotutoka. Huu mwezi wa nne. Siku hizi anachemsha Fundi mwenyewe, na jamani, kahawa yake ni mbaya, inanuka moshi. Tunaimaliza yote na hakuna anayethubutu kulalamika. Asubuhi hiyo redio ilikuwa inaeleza habari za sensa: ya kwanza kabisa, katika kila watu mia wanawake walikuwa arobaini na tisa. Iliyofuata, hamsini. Ya mwisho, hamsini na mmoja. Ya mwaka huu makarani bado wanapita nyumba kwa nyumba.

— Mmesikia? alidakia Profesa. (Jina hilo tulimpa sisi, shule aliishia la saba.) Wanatupita hao! Wajukuu zetu watamlipia kiingilio mwanamume wamtazame!

— Sisi ndio tunaowahi kufa, alisema Kinyozi, aliyemwacha mteja na nusu kichwa. Mwanamume akiumwa anajikaza kisabuni, mpaka apelekwe hospitali anabebwa.

— Acha zako, alisema Profesa. Zamani walikuwepo, ila walikuwa jikoni. Karani anabisha hodi, mume anajibu mlangoni, “tupo watatu,” basi. Wa jikoni hawamo.

— Na siku hizi?

— Siku hizi wanahesabiwa mara mbili! Nyumbani kwake yumo, kwa mama yake yumo, saluni yumo.

Nami, kwa kiherehere changu, nikataka kuwapiku wote.

— Nyie hamjui kitu. Mwanamke hafi, bwana! Mmeona wapi?

Neno lilishatoka. Sindano ya Fundi ikasimama katikati ya soli. Nilitamani ardhi ipasuke. Kinyozi akanikanyaga mguu, amechelewa.

— Wangu nimemwandikisha, alisema Fundi taratibu.

— Umemwandikisha wapi?

— Kwenye sensa. Juzi karani alikuta ndara zake mlangoni. Sijaziondoa. Akaniuliza, humu wamelala wanawake wangapi? Nikamwambia wawili, mke wangu na binti yangu. Mdomo umeshazoea.

— Fundi! Mtu wa serikali huyo!

— Najua. Nilitaka kumrudisha nimwambie, miguu ikagoma. Sensa mbili nimehesabiwa naye, Kinyozi. Hii ya tatu nihesabiwe bila yeye?

Niliinuka nikaizima redio.

Hatukukaa sana, akaja karani mwenyewe, binti mmoja na begi begani, penseli sikioni. Fundi alipomwona, kiatu kikamponyoka.

— Shikamooni.

— Marahaba, tuliitikia wote, kwa sauti ndogo.

— Baba, samahani nakusumbua tena. Kwenye fomu yako kuna sehemu niliiruka, kazi ya mama. Mama yupo nimuulize?

Nilimtazama Profesa, mwenye jibu la kila kitu. Alikuwa anachungulia kikombe chake. Kinyozi naye alikumbuka ghafla kwamba ana mteja, lakini hakuinuka. Kazi ya Mama Kahawa tulikuwa tumeishika mikononi, ndani ya vikombe, sote watatu.

Fundi alisimama, akasuuza kikombe, akainamisha birika ili ammiminie mgeni. Yalitoka machicha tu.

— Birika hili ni lake, mwanangu. Kahawa imekwisha, alisema.

Hapo ndipo alipolia, birika mkononi, mbele ya wapita njia. Siku ya maziko hakulia. Hata sisi tulimsifu kwamba ni mwanamume.

Yule binti alimtazama, akatutazama sisi, kisha akaiangalia ile fomu muda mrefu. Alitoa raba kwenye begi. Akaigeuzageuza kidogo, akairudisha, akaandika: anauza kahawa.