Barthélemy, Trafiki wa Theluji

Wasikilizaji wapendwa, Kidawa wenu nipo, ila leo sauti yangu msiishangae. Nimekunywa chai ya tangawizi vikombe viwili na bado haijakaa sawa. Wale mliozoea kunisikia nikiwachokoza kuhusu mapazia yenu na wachumba wenu, leo mtanivumilia. Nitachokoza kidogo tu, kwa sababu marehemu mwenyewe alipenda.

Tunamkumbuka Barthélemy. Barthélemy wa Albert Park, hapa Durban, mume wa Laurette msusi. Yule mrefu aliyekuwa akituvusha barabara hata tukiwa hatuna safari ya ng'ambo. Tumemzika jana, Jumamosi.

Amefia mlimani, kwenye theluji. Narudia, maana kuna mtu aliniuliza hapo sokoni akidhani natania: kwenye theluji. Aligongwa na mtu aliyekuwa akiteleza na mbao za miguuni, kwa kasi, mahali penye watu wengi. Ilikuwa Jumatano, wiki ya likizo za shule.

Najua swali lenu. Mtu wa Bukavu, mkazi wa Durban, mji ambao hata Julai, katikati ya baridi ya huku, watu wanaogelea baharini, alifuata nini kwenye theluji? Tulieni, tutafika. Au msitulie. Mimi mwenyewe sijatulia tangu Jumatano.

Huko kwao Bukavu, Barthélemy alikuwa polisi wa roulage, yaani trafiki. Alisimama njia panda ya Nyawera, katikati ya malori na mikokoteni, hakuna taa wala kibao. Sheria yao ni moja, na hata dereva mlevi anaijua. Trafiki akikupa kifua, mikono ameitandaza, unasimama. Akikupa ubavu, unapita. Kifua, simama. Ubavu, pita. Laurette aliniambia, "Dada Kidawa, hata ku meza ilikuwa hivyo. Watoto banangojea ageuze ubavu, alors banaanza kula." Alicheka aliposema hayo. Halafu akaacha kucheka.

Vita vilipoingia Bukavu mwaka tisini na sita, wakatoka. Njia waliyopita wengi wenu mnaijua kwa miguu yenu, sina haja ya kuwatonesha. Wakafika Durban, na Barthélemy akapata kazi ya kulinda magari ya wateja kule Morningside, nje ya mahoteli ya chakula. Siku ya kwanza kuona robot, taa za barabarani za huku, alisimama akaitazama mpaka gari likapita kwenye nyekundu. Akamgeukia mdogo wake, Innocent. "Hii kitu haina macho. Nani anaiogopa?"

Basi mmoja wa wateja wake wa Morningside alikuwa na mteremko wa kuteleza, huko juu milimani, karibu na mpaka wa Lesotho. Akamwona Barthélemy anavyopanga magari, akampenda. Baridi ya mwaka jana akamchukua akalinde maegesho ya mlimani. Innocent naye akapata kazi kule, kwenye kibanda cha kukodisha viatu na mbao. Kaka alibaki na magari. Mdogo akajifunza kuteleza, na akawa na mbio kuliko wenye mlima.

Mteremko wenyewe si mkubwa. Theluji ya Mungu ikipungua, mashine inatema nyingine. Juu kuna nafasi. Lakini wanaojua na wasiojua wote wanamalizikia chini, pale pale, kama maji ya sinki. Na pale chini ndipo wanaoanza wanapoanguka, wanakaa, wanacheka, wanatafuta kofia.

Mwaka jana, kundi letu la hapa Durban lilikodi basi kwenda kuiona hiyo theluji. Mimi sikwenda, baridi na mimi hatujawahi kusalimiana vizuri. Lakini Scola alikwenda, Scola wetu wa vitenge, Mtanzania mwenzangu. Alivaa sweta tatu na khanga juu. Akapewa mbao, akatembea hatua chache, akakaa. Kunyanyuka ikashindikana. "Nilikuwa kama gunia la mchele lililodondoka kwenye gari," aliniambia. "Naita watu, watu wanapiga picha." Mara akatokea kijana juu, anashuka kama jiwe, anamjia.

Barthélemy alikuwa kwenye maegesho. Aliruka kamba iliyotenga magari na theluji. Akasimama mbele ya Scola, mikono imetanda, kifua mbele, akapuliza filimbi. Yule kijana akajitupa pembeni, akabingirika hadi kwenye uzio. Watu wakapiga makofi, wakidhani ni maonyesho. Scola akamwambia, "Shemeji, nimekuona, ila hukuweza kuninyanyua kwanza?" Akamjibu, "Mama, trafiki hanyanyui, anasimamisha."

Tangu siku ile, kazi yake ya magari ikapata mguu wa pili. Asubuhi magari, mchana mteremko. Hakuna aliyempa kazi hiyo. Hakuna aliyemkataza. Wateja wa kila wiki walimzoea, wakaijua sheria ya kifua. Mwenye mlima alikuwa akicheka na kusema huyu ndiye askari wake.

Ni Innocent tu aliyemkatalia. Ugomvi wao ulikuja nao hadi Albert Park, na kila aliyekwenda kusukwa kwa Laurette aliusikia.

"Grand, kaka yangu, hapa si Nyawera," Innocent alikuwa akisema. "Hawa batu wamelipa juu ya mbio. Ukiwanyima mbio, umewauzia nini? Baridi?"

"Wakimbie juu. Nani amewakataza? Chini kwenye watu, polepole."

"Mlima ukitiwa polisi, si mlima tena. Ni barabara."

"Na barabara ni nini, weye? Ni mahali batu bengi banapita pamoja. Mlima wako umekuwa barabara siku waliposhusha basi la kwanza."

"Sasa utapima mbio zao na nini? Kifua?"

"Kabisa."

Nao wanacheka, Laurette anawafukuza wote wawili, wateja wanabaki na nywele nusu. Wasikilizaji, semeni ukweli. Kabla ya Jumatano, nani kati yetu hakuwa upande wa Innocent? Mtu kaacha jiji lenye makamera na matuta na tiketi, kapanda mlimani apate upepo usoni, na huko nako akute filimbi? Eish.

Jumatano ilipofika, wageni walikuwa wengi, mabasi kutoka Johannesburg. Wageni, nawaomba mlishike hilo. Hawa hawakuwa wateja wa kila wiki. Mama mmoja alianguka pale chini, mbao zake zikashikana. Kijana akawa anashuka. Barthélemy akasimama mbele ya yule mama, mikono imetanda, kifua mbele. Innocent alikuwa mlangoni mwa kibanda, aliona yote.

Yule kijana hakusimama. Hakujaribu hata kukwepa. Alimjia moja kwa moja.

Na sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo usingizi wangu unapokatikia. Yule kijana hakuwa mhuni. Ilikuwa mara yake ya pili kuvaa mbao. Alipanda juu kwa ile kamba ya mashine inayovuta watu, kwa sababu hakuna aliyemzuia, akashuka, mbio zikamshinda. Akamwona mtu mzima amefungua mikono. Amewaambia polisi huku analia: "Nilidhani ananiambia njoo, nitakudaka."

Yule mama aliyeanguka yu mzima. Kijana kavunjika mkono. Barthélemy aligonga kisogo kwenye barafu na hakuamka.

Ijumaa, mwenye mlima alikuja Albert Park kutoa pole. Alipanda ngazi zote, lifti ya jengo lao mnaijua. Akakaa kwenye kiti cha kusukia, kwa adabu, akanywa soda niliyommiminia. Mara akasema lile lililonifanya niache kumimina. Kwamba marehemu alikuwa mahali pasipo pake. Kwamba kazi yake ilikuwa magari. Kwamba ile ishara yake haijulikani nchi hii. Lakini kwa heshima yake, akasema, ataweka mtu mwenye bendera pale chini siku za watu wengi. Jumamosi na Jumapili.

Innocent ndiye aliyekuwa akitafsiri. Laurette alimsikiliza hadi mwisho, mikono mapajani.

"Mwambie," alisema, "bwana yangu alikufa siku ya tatu. Mercredi."

Innocent akatafsiri: Jumatano. Mgeni akaitazama soda yake.

Laurette akaendelea, polepole, kama anayesuka. "Anasema ishara haijulikani. Ni kweli. Basi aijulishe. Pale ku kamba, mbele mutu hajapanda, aambiwe: huku mbio, huku polepole. Na asiyejua kusimama, asipande. Na mwenye kuvunja, atoke, hata kama amelipa. Ile tu naomba."

Mwenye mlima akasema atafikiri. Akamtazama Innocent, akamwomba awe yeye mtu wa bendera, kwa kuwa anaujua mteremko. Innocent, aliyebishana na kaka yake baridi mbili nzima, alijibu kwa Kiingereza, na Laurette akanitaka niwaambie alivyojibu. Alisema: "Nikishika bendera nataka na ruhusa ya kumtoa mtu. Bila ruhusa, unanipa kitambaa nikafie."

Mgeni akasema atapiga simu, akisharidhiana na mshirika wake. Akashuka ngazi.

Wasikilizaji wapendwa, narudia kwa aliyechelewa. Barthélemy wa Bukavu, trafiki, mlinzi wa magari wa Morningside, amefariki Jumatano akimkinga mtu asiyemjua. Kwa Laurette, kwa watoto, kwa Innocent, kwa jamaa wote walioko Bukavu ambao habari hii bado inawafuata: poleni. Poleni sana. Mungu amlaze mahali pema. Na kwa yule kijana wa Johannesburg, ambaye hatujui jina lake, pole na wewe. Utaliona lile kumbatio miaka mingi.

Nanyi mnaonisikia, lifikirieni hili mkiwa mnapika. Mtu mmoja alitunga sheria nzuri, tukaipenda, tukaicheka, tukaiacha ikae ndani ya mwili wake peke yake. Mahali pako pa kazi, kanisani, msikitini, kwenye ngazi za jengo lenu, nani anasimama hivyo leo? Mkamuulize: ukiondoka wewe, nani mwingine anaijua?

Mteremko haukufungwa. Sasa hivi, ninavyosema, watu wanashuka pale. Na simu ya mwenye mlima bado haijalia. Laurette hana simu ndani, alitoa namba ya duka la Félicité, hapo chini ya jengo lao, na tangu asubuhi amekaa kwenye kreti mlangoni. Nyinyi wa mtaa ule mnajua kelele za pale zilivyo. Kwa hiyo leo sipigi muziki. Zimeni redio, fungeni milango taratibu, ili ile simu ikilia, aisikie.