Msomaji Aliyewavumilia Watu wa Ngazi na Watu wa Ndoo

Msomaji wa kanisa letu anastaafu Jumapili ijayo, tarehe thelathini, baada ya miaka thelathini na moja ya kusimama pale mbele. Alichelewa mara moja tu, siku aliyokalia miwani yake akaja ameifunga kwa uzi wa viatu. Akasoma hivyo hivyo, jicho moja kalifumba, na Musa akavuka bahari salama.

Alikuja kwetu akiwa fundi viatu. Amefundisha watu wazima arobaini kusoma, nami mfagiaji nikiwemo, na alinigombeza kama mtoto. Nilimgombeza pia.

Lakini jasho lilimtoka mwaka ule wa uchaguzi, na aibu ile ni yetu sote, msiniangalie mimi. Chama kimoja alama yake ngazi, kingine ndoo. Wa Ngazi wakahamia viti vya kulia, wa Ndoo kushoto, mume huku mke kule. Aliposoma Yakobo alivyoota ngazi inayofika mbinguni, kulia wakapiga vigelegele, kushoto wakasema ni kampeni. Juma lililofuata akasoma habari za mwanamke Msamaria kisimani. Kulia wakaja juu: huyo mama alifuata maji na nini, kama si ndoo? Watu wazima, wenye wajukuu!

Kamati ikaamua kila upande ulete orodha ya sura zisizofaa kusomwa. Msomaji akaambiwa atii au arudishe ufunguo wa kabati la Biblia, na mtu yule hakuwa na kitu alichokipenda kuliko kazi ile. Akapokea orodha zote mbili, akashukuru. Kumbe wa Ngazi wamekata visima, mito na gharika. Wa Ndoo wamekata minara, milima na kila aliyepanda mti. Kilichobaki ni majina, fulani akamzaa fulani. Akatusomea hayo majuma matano, kwa sauti ile ile, bila kukohoa. Mwenyekiti alipomuuliza ataendelea mpaka lini, akajibu kwa upole kwamba wazee bado wanazaa.

Juma la sita akafa seremala, mtu wa Ngazi. Mjane wake, mshonaji, ndiye aliyeandika orodha ya Ndoo kwa mkono wake. Mbele ya jeneza Msomaji akafungua majina. Mjane akainuka.

"Acha hayo, baba. Mume wangu alipenda ile ya Yakobo. Nisomee."

Mwenyekiti akamkumbusha kwamba sura hiyo aliikata yeye mwenyewe.

"Niliikata nikiwa na mume," akasema.

Msomaji akaisoma yote, jiwe la kulalia na malaika wakipanda na kushuka. Hakuna aliyepiga kigelegele. Nilitafuta nani wa kulia, nani wa kushoto, sikujua. Wote walikuwa wamemsongamania mjane. Kesho yake orodha zote mbili nilizikuta sakafuni, nikazifagia.

Sasa nasikia kamati inanong'ona, inanusanusa msomaji mpya atoke upande gani. Mkome! Atakayekuja apewe kitabu kizima, asome kizima.

Nawe Msomaji wetu, ahsante kwa koo lako. Nenda kapumzishe macho. Mkeo akusomee wewe sasa, nawe utulie, usimsahihishe. Tunakuombea siku njema, tena nyingi.